Website yetu ilikuwa na simba, Kilimanjaro na bahari, lakini haikuwa na jina la mama

Wakuu, nawasalimu nyote, mlio kazini na mlio kitandani na simu.

Juzi kuna ndugu alifungua uzi humu akilia kwamba amelipa mtu amtengenezee website ya duka lake la viatu, website ni nzuri, rangi zinang'aa, lakini hakuna mteja anayeiona. Akaambiwa afanye SEO, yaani aipange website ionekane mtu akitafuta mtandaoni. Wengine wakamtupia maneno makubwa makubwa, akachanganyikiwa zaidi.

Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili. Nikaandika, nikafuta. Nikaona bora nifungue uzi wangu, kwa sababu somo hilo mimi nililipata nyumbani, na lilituumiza. Sijaongeza chumvi. Mwenye haraka apite, mwenye chai avute kiti.

Twende.

Mimi ni mtu wa Kambu, Makueni, pale kwenye barabara ya Mombasa. Mama yangu alikuwa anaitwa Syombua. Kazi yake ilikuwa kusuka viondo, vile vikapu vyetu vya katani. Akitoka shamba, anakaa nje ya nyumba, anasokota katani kwenye paja hadi paja linang'aa kama ngozi ya ngoma. Yeye na kina mama wengine walikuwa na kibanda kando ya barabara, wakiuzia watu wa mabasi.

Miaka ya themanini akaja mwalimu mmoja kutoka Kanada, akawekwa kufundisha kwenye secondary ya harambee karibu na kwetu. Madam Helen. Wazungu wengine walikuwa wakija, wanapiga picha, wanaondoka. Huyu alikuja kibandani Jumamosi moja akaketi chini, akaomba afundishwe kusokota. Paja lake liligeuka jekundu kama nyanya, kina mama wakacheka mpaka wakalia. Jumamosi iliyofuata akarudi tena.

Wakampa jina, Mwende. Kwa Kikamba ni yule anayependwa.

Mama ndiye aliyekuwa rafiki yake hasa. Mvua ikimfungia njiani analala kwetu. Walikuwa wanaongea Kikamba cha kuokoteza, Kiswahili kidogo na mikono mingi, na wanaelewana. Mimi niliyekuwa nimesoma Kiingereza ndiye niliyekuwa napitwa na mazungumzo yao.

Mkataba wake ulipoisha akarudi kwao, akafungua kaduka. Akawa anaagiza viondo kutoka kwa mama, vikubwa, vya kipimo alichokitaka yeye. Barua zilikuwa zinapitia sanduku la posta la shule. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee. Kwetu wakati huo simu ilikuwa kitu cha kwenda kutafuta mjini.

Halafu shule ikabadilisha mwalimu mkuu, na sanduku nalo likabadilika. Sisi hatukuambiwa. Tulipokuja kujua, muda ulikuwa umeenda. Mama akaandikisha barua kwenda kule Kanada, ikarudi na muhuri kwamba mtu huyo amehama.

Basi wakapotezana hivyo tu, bila ugomvi wowote. Hilo ndilo lilikuwa linamsumbua mama, kwamba hapakuwa hata na ugomvi.

Sasa niwatambulishe mume wangu, Mutisya. Mtu mpole sana, fundi wa kompyuta katika ofisi moja ndogo Nairobi, wakati ambapo watu wengi walikuwa wanadhani kompyuta ni televisheni iliyoharibika. Mwishoni mwa miaka ya tisini ofisi yao ikawekewa intaneti, ile ya kulia kwanza kama paka aliyekanyagwa mkia ndipo ishike. Mutisya akajifundisha kutengeneza website. Alikuwa anakuja nyumbani macho mekundu, anaongea peke yake.

Nikaenda Kambu kumsalimia mama, nikamweleza. Nikamwambia kuna mashine, mtu akiwa popote duniani anaandika kile anachokitafuta na mashine inamwonyesha kilipo.

Mama akaacha kusokota.

"Hata Mwende anaweza kunitafuta huko?"

"Anaweza, mama."

"Basi mwambie mkwe wangu aniweke huko, Mwende anione."

Wakuu, naomba nisimame hapa kidogo, maana asiye wa kwetu hatanielewa.

Sisi Wakamba tuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima ya ukweni. Mwanamume na mama mkwe wake hawaketi pamoja, hawali meza moja, hawaangaliani usoni. Na jina la mama mkwe hulitamki. Ukikutana naye njiani unapisha, unaingia hata kwenye miiba.

Wengi walikuwa wameshaanza kulegeza. Kanisani kwetu pastor kijana alihubiri kwamba hayo ni mambo ya giza, tuliookoka tumewekwa huru. Mama akasikiliza kwa adabu, na tulipotoka nje akaniuliza, "Huyu pastor ameoa kweli?" Alikuwa bado hajaoa. Mama akasema basi, tumngoje.

Mutisya naye alilelewa hivyo hivyo. Alikuwa anakuja Kambu na mizigo ya sukari na unga, anaiweka, anaketi nje upande wa pili wa nyumba, mama yuko ndani. Mimi ndiye niliyekuwa napeleka maneno. "Mwambie chai iko tayari." "Mwambie nashukuru." Na hali wote wawili wanasikia, ni ukuta wa matofali tu kati yao. Walipendana sana kwa njia hiyo. Sijui nielezeje. Sijaona mtu aliyemheshimu mama yangu kama yule ambaye hakuwahi kumwangalia usoni.

Basi Mutisya akaanza kazi. Alifanya kwa moyo wote, nataka mjue hivyo. Alikopa kamera, nikapiga picha mimi, za viondo na za mikono ya kina mama wakisuka. Mama hakutaka uso wake uwemo.

Siku moja akaniita ofisini nikaone. Ukurasa ukafunguka polepole, kipande kwa kipande, kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu. Juu kabisa: Welcome to Our Homepage. Chini: Makueni Women Handcraft. Halafu picha. Namba ya simu ya ofisi na email yake.

Nikamuuliza, "Na jina la mama liko wapi?"

Akaniita kwa jina la mtoto wetu, akasema, "Mama Mueni, unataka niandike jina la mama mkwe wangu kwa mkono wangu, dunia yote isome?"

Ukweli ni kwamba nilijisikia vizuri. Nilimwona mwanamume mwenye adabu, nikamshukuru Mungu kwa ndoa yangu.

Nikauliza tena, "Na Kambu je?"

"Nani Kanada anajua Kambu? Mahali basi linasimama watu wanunue machungwa. Makueni ni district. Inakaa vizuri."

Hapo wazee wa Ukambani mmeshaona tatizo. Wakati Madam Helen anafundisha kwetu, Makueni haikuwa district. Tulikuwa Machakos. Alituacha tukiwa Machakos. Hilo neno Makueni kwake lilikuwa la kusikia kwa nadra, kama alilisikia.

Yale maneno ya siri ya search engine, yale keywords, Mutisya akasoma mahali kwamba lazima uweke kile ambacho watu wengi wanatafuta. Akaweka safari, lion, elephant, Kilimanjaro, beach. Akaenda akauandikisha ukurasa kwenye search engines za wakati huo, moja baada ya nyingine. Chini akaweka kale kamita ka kuhesabu wageni.

Na kamita kakatembea. Tulifurahi. Nilipeleka habari Kambu kwamba watu wanaingia, wanaangalia. Mama akaita kikundi chote, akawaambia wasiuze ile katani nzuri, wasuke viondo vile vikubwa vya Mwende, kwa sababu atakuja wakati wowote. Wakamwamini. Neno lake lilikuwa na uzito pale kibandani.

Email zikaanza kuja kweli. Mmoja anauliza bei ya kuona simba. Mwingine anataka chumba kinachotazama bahari. Hapo Kambu, wakuu, ambapo hata mto ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Nilipomtafsiria mama alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Mwambie aje, bahari iko, maji ndiyo yatachelewa."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho namkumbuka akicheka hivyo kuhusu ile website.

Kwa sababu miezi ilienda. Watu wa simba walikuja wakaona viondo wakaondoka. Wa bahari vilevile. Kiondo hata kimoja hakikuagizwa. Na Mwende kimya.

Mvua nazo zikakataa. Kina mama wakaanza kutoka kikundini mmoja mmoja. Huyu anauza nyanya kwenye mabasi, huyu amekwenda Emali kufanya kazi hotelini. Huwezi kuwalaumu, watoto wanakula. Lakini viondo vikubwa vilikuwa vimejaa ndani kwa mama hadi juu, na kwa kipimo kile watu wa basi hawakuvitaka.

Alibaki Kalekye, rafiki ya mama tangu usichana wao. Naye siku moja akachoka. Nilikuwepo.

"Syombua, wacha kutudanganya na kujidanganya. Mzungu akipanda ndege amekusahau. Wewe unasukia mtu yuko na maisha yake."

Mama akajibu polepole, "Mwende hawezi kunisahau. Alilala kwangu."

"Wangapi wamelala kwako?"

Kalekye akachukua ungo wake akaenda. Walikuwa bado wanasalimiana kanisani, lakini kibandani hakurudi. Mama akabaki peke yake kando ya barabara.

Mwaka wa tisini na tisa mama akaanza kukohoa. Kifua. Tulimpeleka hospitali, akatoka, akarudi. Mara ya mwisho nilikaa naye mimi. Alikuwa amekonda sana, ile ngozi ya paja iliyokuwa ngumu kwa kusokota ilikuwa imelegea kama nguo.

Akaniuliza, "Ile mashine ya mkwe wangu bado inamuuliza Mwende?"

Nikamwambia bado.

"Basi amekataa."

Nikamwambia hapana mama, haifanyi kazi hivyo, si kwamba anaulizwa. Lakini nitamwelezaje? Hata mimi sikujua vizuri ilikuwa inafanyaje. Kwa mama ilikuwa ni mtu ametumwa: amefika, amesema, na hajapewa jibu.

Halafu akasema, "Labda vile vya mwisho nilivyompelekea vilikatika mikono. Ile katani haikuwa imekauka vizuri. Labda wateja wake walimgombeza."

Wakuu, hilo ndilo linanichoma hadi leo. Mwanamke aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote Kambu, na hakuna aliyebisha, alikufa akiamini kwamba kazi yake ilikuwa mbovu na ndiyo maana rafiki yake akamwacha. Nilimwambia viondo vilikuwa vizuri. Akaniambia, "Sawa." Ile sawa ya kumfariji mtoto.

Akaenda wiki hiyo.

Tulimzika Kambu. Kanisa lilijaa. Kalekye alilia kuliko sisi watoto.

Tuliporudi Nairobi, Mutisya alirudi kazini siku kadhaa. Halafu akaniuliza kama anaweza kuandika tangazo la kifo kwenye website. Mtu akishakufa jina lake husomwa kanisani na redioni, hakuna nthoni hapo. Nikamwambia aandike.

Akaondoa Welcome to Our Homepage. Juu akaweka: Syombua of Kambu. Akaandika kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba Syombua, msusi wa viondo wa Kambu, zamani Machakos District, amefariki, na familia inawashukuru wote waliomjua. Aliandika mengine mazuri ambayo hakuwahi kumwambia. Simba, bahari, vyote alivitoa. Alisema havimfai.

Hakuwa anafikiria search engine. Alikuwa anaomboleza tu.

Sasa sikieni.

Haikupita muda mrefu, simu ikaita ofisini kwao. Mutisya akanipigia nilipokuwa nafanya kazi, sauti yake ilikuwa imebadilika, akasema njoo, kuna mtu atapiga tena baada ya saa moja na mimi sitaweza kuongea naye.

Nilifika. Simu ikalia. Nikainua.

"Nuvoo," sauti ikanisalimia. Kikamba kilekile cha kuokoteza. Nilikitambua kabla hajasema jina.

Madam Helen alilia kwanza. Mimi pia. Laini ya Kanada wakati huo ilikuwa ghali, na tulilia tu.

Akaniambia alihama mji, akaandika barua kwa sanduku la shule mara nyingi, hazikujibiwa. Akadhani mama amehama au amekasirika. Intaneti ilipofika kwao, kitu cha kwanza alichotafuta ni mama. Na akaendelea. Kila akikaa kwenye kompyuta, kabla ya kazi nyingine, anaandika. Nikamuuliza alikuwa anaandika nini.

"Syombua Kambu," akasema. "Sikujua kuandika kitu kingine. Hilo ndilo nililokuwa najua. Kila siku mashine inaniambia hakuna. Leo imeniambia yuko, nikapiga kelele ofisini. Halafu nikafungua nikasoma."

Nikamwuliza kuhusu viondo vya mwisho, kama vilikatika mikono. Hakunielewa. Nikarudia. Akasema kimoja kiko begani kwake sasa hivi.

Tulipoagana nilimkabidhi Mutisya simu, naye akairudisha mezani taratibu.

Jumamosi hiyo tulienda Kambu. Nilianza kwa Kalekye, nikamweleza yote akiwa anachambua mbaazi. Mikono yake ikasimama. Akasema, "Kwa hivyo alikuwa anamtafuta." Nikasema ndiyo. "Wakati ule nilimwambia amesahauliwa." Nikasema ndiyo. Akafunga kitambaa chake upya, akaingia ndani, hakutoka tena siku hiyo. Mwaka uliofuata Helen alipoleta oda, Kalekye ndiye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya kina mama. Lakini hayo ni ya baadaye.

Tukaenda kaburini. Mutisya alisimama mbali, pale pale ambapo yeye angesimama kama mama angekuwa hai, upande wa pili. Mimi nikaomba kama tunavyoomba kanisani.

Nilipomaliza nikamwona anakuja. Alitembea hadi karibu kabisa na udongo, akavua kofia. Mimi ni mtu wa kanisa, hatuongei na wafu, na yeye pia. Lakini aliinama akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na mtu aliye mbele yake:

"Syombua. Mwende amepiga simu. Viondo vyako ni vizima."

Halafu akakaa chini palepale, na nikamwacha alie.

Sijawahi kumlaumu, na nisisikie mtu hapa akimtukana. Alifanya alichofundishwa kwamba ni heshima, na ilikuwa heshima. Ameshatangulia naye, Mungu amlaze.

Sasa, ndugu wa viatu. Sina ujuzi mwingi, mimi ni mama wa viondo tu. Lakini nikiwatengenezea kina mama ukurasa leo, nakaa nao kwanza nauliza: mteja wako anakuitaje? Akimwelekeza jirani yake kwako anasemaje? Anasema duka liko wapi? Maneno hayo ndiyo nayaweka juu kabisa, kwenye title, na tena ndani, jinsi anavyoyasema yeye. Kama watu wanakujua kama Mama Kevo wa viatu hapo stage, usiandike Premium Footwear Solutions. Kama uko Kyuso andika Kyuso, usijifiche nyuma ya Kenya nzima. Ukihama, acha alama ulikohamia. Na usiite watu wa simba kama unauza viondo. Watakuja, kamita katatembea, utafurahi bure.

Anayekutafuta huenda ana neno moja tu la kukutafutia. Asipolikuta kwako, yeye atafikiri umekataa, na wewe utafikiri amekusahau.

Wakuu, najua humu kuna wataalamu wa SEO, mnikosoe nilipokosea. Na aliye na mtu aliyempoteza kwa namna hii aandike hapo chini jina la huyo mtu na kijiji chake, kamili. Nani ajue, labda leo kuna mahali anayaandika hayo hayo.